Nyota isiyomo kwenye ramani: majibu kwa waandishi chipukizi wa Tanga

Maswali ya safari hii yanatoka kwa vijana wanaotunga hadithi za kisayansi. Kisa chao kinafanana: chombo cha angani chenye nahodha kutoka Marekani kinakuta nyota ambayo haimo kwenye ramani yoyote.

Shikamoo mwalimu. Wenzangu hapa Chumbageni wanasema kisa changu hakiwezekani, nyota zote zimeshajulikana. Ni kweli? (Chumbageni)

Marahaba. Waambie bado sana. Darubini ya Gaia, iliyorushwa na Ulaya mwaka 2013, imeorodhesha nyota zinazokaribia bilioni 2, na galaksi yetu ina zisizopungua bilioni 100. Hata majirani wanatushtua. Mwaka 2013 mwanaastronomia Kevin Luhman alitangaza jozi ya nyota kibete kahawia, umbali wa miaka nuru 6.5 tu (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Mwaka uliofuata akatangaza nyingine, WISE 0855−0714, ambayo joto lake halifikii hata la mchana wa Tanga! Vibete hivi havina uzito wa kuwasha moto wa nyuklia kama Jua. Vinatoa joto hafifu, na darubini ya WISE ilivinasa kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho.

Ila umeandika kwamba nyota yako "inang'aa kuliko zote". Hapo nakataa. Ingeng'aa hivyo, tungeiona tangu zamani. Ifanye ya giza.

Sasa nahodha ataijuaje? (Pangani)

Kwa mvuto wake. Mvuvi wa ngalawa hutambua mkondo anapoona alama za pwani zinahama ilhali tanga na usukani havijaguswa. Chombo chako nacho kianze kupinda njia, hesabu zikatae, wahudumu wabishane. Shimo jeusi (kitu chenye mvuto usioachia hata mwanga) liitwalo Gaia BH1 lilijulikana hivyo mwaka 2022: lenyewe halikuonekana, ila nyota mwenzake ilikuwa ikiyumba.

Safari ichukue muda gani? (Muheza)

Chombo cha angani Voyager 1 huenda kilomita 17 hivi kwa sekunde, na mwaka nuru mmoja ungeichukua zaidi ya miaka 17,000. Buni injini nyingine.

Kuna nyota ya namna hiyo ninayoweza kuitafuta mwenyewe? (Raskazone)

Mwezi Juni, saa tatu usiku, tazama kusini. Karibu na kundi la nyota la Msalaba wa Kusini kuna nyota mbili kali. Iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alpha Centauri. Jirani yake, Proxima, ndiyo iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua, miaka nuru 4.24, lakini macho matupu hayaioni. Robert Innes aliigundua mwaka 1915 akiwa Johannesburg. Kama jirani yetu wa kwanza aligunduliwa kutokea Afrika, sioni kwa nini manahodha wenu wote watoke Marekani.