Maswali ya Wasomaji: Kibao na Kalamu ya Nukta Nundu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ana umri wa miaka 10 na haoni tangu akiwa mdogo. Shuleni hutumia mashine ya nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kugusa kwa vidole, lakini mashine ni chache na haziruhusiwi kutoka darasani. Likizo hii amekuja na kibao kidogo cha plastiki pamoja na kalamu yake ya chuma, akaambiwa aandike akianzia kulia. Herufi zake zinageuka, analia, na mimi ninayeona sijui nimsaidieje. Je, si afadhali nimwache apumzike hadi arudi kwenye mashine?
Mama wa mwanafunzi, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba, mama. Nakuomba usimwache. Kilio hicho nimekisikia kwa watoto wengi, na mara nyingi chanzo chake si mkono wa mtoto bali ni maneno mawili tunayoyatumia sisi watu wazima tunapomfundisha: kushoto na kulia.

Kishike kibao chenyewe mkononi ukichunguze. Kina mabamba mawili yaliyoungwa kwa bawaba. La chini lina vishimo vilivyopangwa sita sita, la juu lina madirisha madogo, na karatasi hubanwa katikati. Kalamu inapobonyeza karatasi ndani ya kishimo, nundu hujitokeza upande wa nyuma wa karatasi, upande ambao mwandishi haugusi. Ili kusoma ni lazima karatasi itolewe na kupinduliwa, na kwa kuwa kupindua hubadilisha pande, mwandishi huanzia kulia kuelekea kushoto ili vidole vya msomaji viende kushoto kuelekea kulia kama kawaida. Ndani ya kila dirisha, ambalo ni nafasi ya herufi moja yenye nukta sita katika safu mbili zinazohesabiwa kutoka juu kwenda chini, mambo ni yale yale: nukta 1, 2 na 3, ambazo msomaji huzikuta kushoto, mwandishi huziweka kulia, na nukta 4, 5 na 6 huziweka kushoto.

Mtoto akisahau jambo hili ndani ya dirisha moja tu, herufi hugeuka kuwa nyingine kabisa. D husomeka F, H husomeka J, E husomeka I, na R husomeka W. Binti yako akiandika neno "jiji" kwa kuanzia kulia, lakini nukta akaziweka kama anavyozisoma, akipindua karatasi atakuta ameandika "hehe". Ukiona makosa ya namna hiyo, ujue kwamba herufi anazijua vizuri sana na kwamba kilichomchanganya ni pande peke yake.

Kwa hiyo usimwambie kwamba kuna alfabeti mbili, moja ya kusoma na moja ya kuandika. Mwambie kwamba kila herufi ina safu ya kwanza na safu ya pili, na kwamba safu ya kwanza ni ile anayokutana nayo kwanza, aelekee upande wowote. Anaposoma hutoka kushoto, hivyo safu ya kwanza huwa kushoto. Anapoandika hutoka kulia, hivyo safu ya kwanza huwa kulia. Namba za nukta hazibadiliki. Tena yeye tayari anazo vidoleni, kwa sababu kwenye mashine kidole cha shahada cha mkono wa kushoto ndicho kinachobonyeza nukta 1, na cha mkono wa kulia nukta 4. Taja namba, yeye aandike: "moja na tano" ni E, mbele na nyuma.

Kabla ya herufi, hata hivyo, mkono uzoee. Mpe mstari mzima wa kujaza nukta zote sita katika kila dirisha, na kesho mwingine, hadi nundu zake ziwe za kimo kimoja. Kalamu isimame wima, kichwa chake kikitulia chini ya kidole cha shahada, na kidole cha mkono wa pili kitangulie kutafuta dirisha linalofuata. Kalamu ikilala hutoboa karatasi au huacha nundu iliyopinda, na kidole kinaposoma husita hapo. Akizoea utasikia mlio mdogo mkavu kila nukta inapoingia, na yeye ataanza kujirekebisha kwa kuusikiliza huo mlio.

Karatasi ya daftari la kawaida ni nyepesi mno. Mnunulie manila, au ikate kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita, ambayo karatasi yake nzito hushika nundu vizuri. Wakati wa masika karatasi hunyonya unyevu na kulegea, kwa hiyo zihifadhini ndani ya mfuko wa plastiki, na zilizokwisha kuandikwa zisiwekewe vitabu juu, maana nundu hubonyea.

Kuhusu mashine, nisiifiche sifa yake. Huandika herufi nzima kwa mbonyezo mmoja, na mwandishi hugusa alichoandika papo hapo bila kutoa karatasi, jambo ambalo kwenye hesabu ni la lazima. Lakini ile ya chuma inayojulikana zaidi, iliyobuniwa na David Abraham huko Marekani na kuanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1951, ina uzito unaokaribia kilo 5, ilhali kibao huingia mfukoni. Mwanafunzi anayeona hawekewi penseli yake kabatini shule inapofungwa. Kibao ndiyo penseli ya binti yako, na akikwama zaidi, mpeleke kwa mwalimu wa elimu maalumu. Hapo hapo mjini Moshi, Shule ya Msingi Mwereni ina uzoefu wa kufundisha watoto wasioona.

SWALI: Mwalimu, nina miaka 54, ninauza nafaka karibu na Soko la Kilombero, na presha ya macho imeninyima kuona. Simu yangu husoma kila kitu kwa sauti. Kuna haja gani ya kujifunza nukta nundu kwa umri huu?
Mfanyabiashara, Arusha

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Simu iendelee kukusaidia, lakini simu haiwezi kubandikwa kwenye mfuko wa maharage. Kipande cha manila chenye herufi mbili, kikifungwa kwenye kila gunia, kitakuambia lipi ni la soya na lipi ni la njegere bila kumwita mtu, na deni la mteja utaliandika akiwa amesimama mbele yako bila kulitangaza kwa sauti sokoni. Kwako wewe hilo ni suala la heshima ya biashara, na mimi naliona kuwa sababu ya kutosha.

Kuna na jambo la tahajia. Anayesikiliza tu, baada ya muda huanza kuyumba kati ya "kura" na "kula", au kati ya "ngoa" na "ng'oa", lakini kidole kikigusa herufi hakina la kubahatisha. Anza na herufi za majina ya bidhaa zako tu. Iwapo pia una kisukari, mweleze daktari wako kabla ya kuanza, kwa kuwa ugonjwa huo huweza kupunguza hisia za ncha za vidole, na huenda ukahitaji kuanza na nundu kubwa zaidi. Walimu wa fani hii husomea Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani humo humo Arusha, hivyo kumpata wa kukuongoza si jambo la mbali.

SWALI: Mdogo wangu amepoteza kalamu ya kibao chake. Naweza kumtengenezea ya msumari?
Kaka mtu, Usa River

JIBU: Unaweza kwa muda, ila ncha uisage hadi iwe butu na laini, kwa maana ncha kali hutoboa karatasi badala ya kuinua nundu, kisha uichomeke kwenye kipande cha mti kinachojaa kiganjani. Usimpe msumari mtupu. Louis Braille mwenyewe, Mfaransa aliyebuni maandishi haya akiwa kijana wa miaka 15 mwaka 1824, alipoteza kuona kwa kujichoma jicho utotoni kwa chuma cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake. Kalamu hiyo, hata ikiwa butu, mfungie kwa uzi kwenye kibao, isipotee tena.