Kabla ya kidonge cha kwanza cha tezi ya shingo, pima ini

Macho yangu yalipogeuka manjano, kila mtu pale Nansio alikuwa na jibu lake. Shemeji alisema ni kichocho, na sikumlaumu, kwa kuwa sisi wa kisiwa cha Ukerewe tumekulia ziwani na kichocho cha tumbo huharibu ini kweli. Nilimeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, nikapimwa homa ya ini ya virusi bila kukutwa nayo, lakini mwili uliendelea kukonda ingawa nilikuwa nakula ugali wa watu wawili.

Daktari wa tatu, huko Mwanza, hakuanza na tumbo. Aliniambia ninyooshe mikono, akalaza karatasi juu ya vidole vyangu, nayo ikatetemeka mpaka ikaanguka. Mapigo ya moyo yalikuwa 138 kwa dakika, na mimi nimekaa tu. Kipimo cha damu kilithibitisha kwamba tezi ya shingo ilikuwa ikimwaga homoni kupita kiasi.

Alinieleza kuwa homoni hiyo ikizidi, ini huhitaji oksijeni nyingi zaidi, ilhali damu inayolifikia haiongezeki kwa kiwango hicho. Chembe zake nyingine hukosa hewa, nyongo hukwama, ngozi huwasha. Moyo nao ukielemewa, damu hurundikana kwenye ini na kulivimbisha.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: dai kipimo cha ini kabla ya kuanza dawa. Dawa za tezi zenyewe huweza kulidhuru ini, hasa propilthiourasili, ambayo mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake kali kuliko yote. Bila kipimo cha mwanzo, manjano ya wiki ya tatu ni vigumu kujua yameletwa na ugonjwa au na dawa. Changu kilikuwa kwenye faili, kibaya tangu awali, na kila niliporudi kupima nikitumia kabimazoli, dawa ya tezi niliyopewa, ubaya wake ulikuwa umepungua. Kwa hiyo daktari hakuikatisha dawa hiyo.

Ukiwa kwenye dawa ukaona mkojo umekuwa kama chai ya rangi, au koo likauma pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo ukiwa na pakiti mkononi. Manjano yakiandamana na homa kali na kuchanganyikiwa, mpelekeni mgonjwa hospitali iliyo karibu usiku huohuo, msingoje meli ya asubuhi.