Kwa bingwa wa chuo anayeanza kufundisha mieleka sekondari

Wadogo zangu mliomaliza chuo na medali, mkapata kazi ya ukocha wa sekondari hapa Marekani, naomba msianze na mbinu iliyowapa ubingwa. Mbinu hiyo ilikua pamoja na mwili wako, kimo chako na miaka yako ya mazoezi. Mtoto wa miaka 14 aliyeingia ukumbini wiki hii ataiga umbo lake tu, na mpinzani atamnyakua mguu. Mfundishe kwanza kusimama, kushusha nyonga bila kuinamisha kichwa, na kujinasua akiwa chini. Kujinasua hakushangiliwi na mtu, ila anayeanza hushindwa zaidi hapo.

Kanuni nazo zisomeni upya. Chuoni, ukimtawala mwenzako chini kwa muda unaozidi wake kwa dakika moja au zaidi, unaongezewa pointi 1. Sekondari pointi hiyo haipo. Ukiwazoesha vijana kukandamiza tu, wataonywa kwa kuzubaisha pambano na hawatapata kitu. Wafundishe kumgeuza mtu chali.

Kuhusu uzito sitafupisha. Mwishoni mwa 1997, ndani ya wiki chache, wanamieleka 3 wa vyuo vya Marekani walifariki wakijikausha maji mwilini ili wafikie uzito wa daraja walilotaka kupigania. Baada ya hapo kanuni zilibadilishwa. Leo, kabla ya msimu, kijana wa sekondari hupimwa mkojo kuona kama ana maji ya kutosha, kisha hupimwa mafuta ya mwili. Mvulana hapangiwi uzito utakaomshusha chini ya asilimia 7 ya mafuta, msichana asilimia 12, na kwa wiki asipungue zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito wake. Kwa mwenye kilo 60, hizo ni gramu 900. Kuna siku kijana atakufuata pembeni akuulize wewe ulikuwa unapunguzaje. Usimsimulie kama hadithi ya ushujaa. Nenda na kwao pia. Hapa Iowa, mjini Waterloo, zipo familia nyingi za Wakongo, na mama anayeona mwanawe anasukuma sahani ya fufu anastahili kuelezwa kwa Kiswahili nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi.

Waterloo hiyohiyo ndiko kocha Bob Siddens alikofundisha mieleka katika sekondari ya West High kuanzia 1950 hadi 1977. Wengi humtaja kwa sababu ya mwanafunzi wake Dan Gable, aliyekuja kuwa bingwa wa Olimpiki, na aliyemaliza sekondari bila kushindwa, mapambano 64. Mimi namheshimu zaidi kwa kudumu ukumbi uleule mwaka baada ya mwaka. Bill Smith naye, bingwa wa vyuo 1949 na 1950 na mshindi wa dhahabu ya Olimpiki ya Helsinki 1952, alikwenda kufundisha sekondari, na sioni kama alishuka cheo.

Basi msimu ukianza Novemba, kagueni ngozi za vijana kila siku kabla ya mazoezi, maana choa na malengelenge huenea haraka ukumbini, na mikeka ipigwe dawa kila siku. Yule ambaye hajashinda hata pambano moja, mtafutieni mashindano ya wanaoanza wenzake kabla ya Krismasi. Akisubiri hadi Januari, huenda asirudi.