Maswali na Majibu: Mistari Miwili Isiyokuwepo

Katika PO₄³⁻, yaani ioni ya fosfeti, ile bondi maradufu inayochorwa kwa mistari miwili iko kwenye oksijeni ipi?

Swali hili halinipiti wiki. Haiko kokote. Bondi zote nne zimepimwa na urefu wake ni mmoja, kama pikomita 154. Maradufu ya kweli ingekuwa fupi kuliko wenzake. Hesabu elektroni za nje kabla ya kuchora: 5 za fosforasi, 24 za oksijeni, 3 za chaji, jumla 32. Bondi nne za kawaida zinachukua 8. Zinazobaki ni 24, sita kwa kila oksijeni, na kila atomu imetimiza nane zake. Fosforasi inabaki na chaji ya +1 kihesabu, kila oksijeni −1, na mvutano huo ndio unaozikaza bondi. Mistari miwili wameichora walioogopa kuandika chaji.

Na umbo lake?

Tetrahedroni, nyuzi 109.5. Nimeshalijibu mara nyingi.

Lakini si obiti za d, yale maeneo ya ziada ya elektroni, zinazoiwezesha fosforasi kupita elektroni nane?

Ndivyo tulivyokaririshwa. Obiti za 3d ziko juu mno kinishati, mchango wao ni mdogo sana. Hata PF₆⁻ yenye florini sita haizihitaji: elektroni za bondi zimeelemea mno upande wa florini. Anayekuandikia sp³d², yaani mchanganyiko wa obiti wenye hizo za d, mwombe ushahidi. Na kwa kuwa PF₆⁻ imo kwenye betri nyingi za lithiamu, usizipasue kwa udadisi. Kimiminika cha ndani kikikutana na unyevu hutoa floridi ya hidrojeni, ambayo hula kioo, sembuse ngozi.

H₃PO₃ ina hidrojeni tatu. Mbona kwenye titresheni, yaani kuipima asidi kwa kuiongezea besi kidogo kidogo, zinatoka mbili?

Kwa sababu ya tatu imeshikwa na fosforasi yenyewe, si na oksijeni, na besi haiing'oi. Ioni inayobaki ni HPO₃²⁻. Kwa H₃PO₂ hidrojeni mbili zimeshikwa hivyo, inatoka moja tu. Fomula haikuambii nani kashikana na nani, kwa hiyo acheni kuhesabu H na kukimbilia jibu.

Ioni ya P³⁻, yaani fosfidi, ina rangi gani ndani ya maji?

Haina, kwa kuwa humo haikai. Inanyakua protoni za maji papo hapo na kuwa fosfini, PH₃, gesi ya sumu. Vidonge vya fosfidi ya alumini vya kuua wadudu wa nafaka hufanya kazi hivyo hivyo, na unyevu wa hewa unatosha kuviamsha. Usivihifadhi chumba anacholala mtu.