Kijue kitongoji kwanza: kwa mnaoanza kufuatilia ukoo wa Ayalandi

Kwa miaka kadhaa nimejitolea katika chama kidogo cha historia ya mahali, kaunti ya Cork, na kazi yangu kubwa ni kujibu barua. Nyingi hutoka Marekani na Australia, na zinafanana: "Babu wa babu yangu aliitwa John Sullivan, alitoka Cork. Naomba msaada." Naelewa shauku iliyomo, lakini kwa barua hiyo hatuna pa kuanzia. Akina Sullivan wamejaa Cork na kaunti jirani ya Kerry, na akina John miongoni mwao hawahesabiki.

Kinachotakiwa ni kitongoji. Kwa Kiingereza ni townland; nakiita hivyo kwa sababu ndilo neno letu linalokaribiana nalo: kipande cha ardhi chini ya parokia, mara nyingi cha kaya chache tu, chenye jina lake na mipaka yake. Ayalandi ina zaidi ya 60,000. Ukikijua, hata nyaraka chache zilizobaki zitazungumza.

Nasema zilizobaki kwa sababu tarehe 30 Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ofisi ya kumbukumbu za taifa pale Four Courts, majengo ya mahakama kuu jijini Dublin, ililipuka na kuteketea. Karibu sensa zote za 1821 hadi 1851 zilipotea, pamoja na wosia na zaidi ya nusu ya madaftari ya parokia za Kanisa la Kianglikana. Sensa kamili za zamani zaidi unazoweza kuzisoma ni za 1901 na 1911. Madaftari ya Wakatoliki yalinusurika kwa kuwa yalikaa parokiani kwa mapadre. Usajili wa serikali wa vizazi na vifo ulianza 1864 tu. Kwa hiyo ukoo uliohama wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840 unautafuta kwenye ubatizo na kwenye orodha za wapangaji wa ardhi, hasa ile ya tathmini ya ardhi ya Richard Griffith iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864, ambayo imepangwa kitongoji kwa kitongoji.

Usianzie Ayalandi. Anzia kule walikohamia: jiwe la kaburi, tangazo la kifo gazetini, cheti cha ndoa ya kanisani. Gazeti la Pilot la Boston lilichapisha kwa miongo mingi matangazo ya watu waliokuwa wakitafuta ndugu zao, na mara nyingi yalitaja hadi parokia ya kuzaliwa. Jina la mahali liandike kama ulivyolikuta, hata kama halimo kwenye ramani, maana karani aliandika alichosikia.

Niwaeleze kosa langu. Familia moja ya Butte, Montana, ilituandikia. Wazee wao walikuwa wachimba shaba waliotoka rasi ya Beara, magharibi mwa Cork, kama wengi waliohamia mji ule. Nilipata ubatizo wa Joannes (ndivyo mapadre walivyoandika John kwa Kilatini), baba Daniel, mwaka uleule waliotaja, parokia ileile. Nikawatumia kwa furaha. Baadaye mama mmoja mzee wa chama chetu alisoma nakala akaniuliza, "Hawa ni Sullivan gani?" Sikumwelewa. Akanieleza kwamba kule kila tawi la Sullivan lina lakabu yake, na bila hiyo hata majirani wasingejua unamtaja nani. Tulilifungua daftari pamoja. Wiki tatu mbele alikuwepo Joannes mwingine, baba Daniel pia. Mama huyo aliweka kidole kwenye majina ya wasimamizi wa ubatizo: hawa ni wa upande wa mlimani, hawa ni wa pwani. Niliyemtuma alikuwa wa mlimani, wao walitaka wa pwani. Ilinibidi niandike barua ya kuomba radhi, na tangu siku hiyo siachi kusoma wasimamizi.

Umri nao usiuamini upesi. Malipo ya uzeeni yalipoanza 1909 kwa waliofikisha miaka 70, wazee wengi walioandikwa 58 mwaka 1901 wanaonekana wana zaidi ya 70 katika sensa ya 1911. Wengi hawakuwa na cheti chochote, na walikuwa maskini.

Kitongoji kikishapatikana, omba vitabu vya marekebisho vya iliyokuwa ofisi ya tathmini ya ardhi. Mpangaji akifa au akihama, jina lake lilikatwa na la mrithi likaandikwa juu yake kwa wino wa rangi nyingine, na mwaka pembeni. Kurasa hizo nazipenda kuliko zote: unaona mjane akipokea shamba, kisha mwanawe, kisha mstari mmoja unaofuta ukoo mzima.

Unapokiandikia chama, uliza swali moja. Taja kitongoji au parokia, taja ulichokwisha kukagua, ambatisha nakala. Wanaojibu wana kazi zao za mchana na hukutana jioni mara moja kwa mwezi. Lipa ada ya uanachama. Ndiyo inayochapisha jarida, na kwenye majarida hayo ndimo yalimo maandishi ya makaburi ambayo mvua imeshayafuta kwenye mawe yenyewe. Ukija mwenyewe, beba picha za zamani. Ziweke mezani, kisha uwaache wazee wazungumze wao kwa wao.