Kwa Nini Wafe Wao, Abaki Yeye

Kizota, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, nasi hapa nyumbani hatujambo. Unauliza kwa nini, katika lile shairi la baharia mzee alilolichapisha mshairi Mwingereza Coleridge mwaka 1798, ndege anauawa na baharia huyo peke yake lakini wanakufa mabaharia wenzake 200 wasio na hatia, na muuaji anabaki hai.

Hilo la "wasio na hatia" silikubali. Hebu rudi kwenye beti zinazofuata mara baada ya mshale kufyatuliwa. Kwanza wanamlaumu mwenzao kwa kumuua albatrosi, ndege mkubwa wa baharini waliyeamini kuwa ndiye aliyewaletea upepo wa kuwatoa kwenye barafu ya kusini; lakini jua linapochomoza na ukungu kutoweka, wanageuka papo hapo na kumsifu, eti ndege huyo ndiye aliyeleta ukungu na alistahili kufa. Upepo unapokata na merikebu kukwama katika shwari, wanamgeuka tena na kumvika mzoga shingoni. Mara zote tatu tendo lilipimwa kwa hali ya hewa, na ndege mwenyewe hakuna aliyemlilia.

Mwaka 1817 mshairi aliongeza maelezo pembeni mwa beti, akaandika kwamba kwa kuhalalisha mauaji yale mabaharia walijifanya washirika wa kosa. Kwangu maelezo hayo ni kama utetezi wa wakili aliyefika baada ya hukumu kusomwa, maana ndani ya kisa chenyewe roho zao zinachezewa dadu na Mauti pamoja na mwanamke wa kutisha, ambaye ndiye anayeshinda na kumchukua baharia wetu, wenzake wakiachiwa Mauti. Tena mwaka 1830 Coleridge alisimulia jinsi mwandishi Anna Barbauld alivyomlalamikia kuwa shairi halina funzo, naye akamjibu kwamba funzo limezidi. Lilipaswa kuwa kama kile kisa cha Alfu Lela Ulela, ambamo mfanyabiashara anakula tende kando ya kisima na kutupa kokwa, mara jini anaibuka kudai roho yake kwa sababu kokwa moja imemtoboa mwanawe jicho. Kwa hiyo mabaharia walikuwa na hatia, lakini adhabu yao haikukatwa kwa kipimo cha hatia hiyo, na nadhani mshairi alitaka tukereke hivyo hivyo.

Na huko kubaki hai usikuite msamaha. Kiu ilikuwa imewakausha midomo kiasi kwamba, alipoona tanga kwa mbali, ilimbidi auume mkono wake na kufyonza damu ndipo apate sauti ya kuwaita wenzake. Mtu wa Bahi hapa Dodoma aliyewahi kuteka maji ya chumvi ataielewa beti hiyo upesi kuliko wasomi wengi. Baadaye alikaa siku saba akitazamwa na macho ya maiti. Mzoga ulimdondoka shingoni alipowabariki nyoka wa majini bila kukusudia, lakini hata hapo hakuachiliwa, kwani anazunguka nchi hadi nchi, na uchungu ukimpanda hana budi kusimulia.

Tena anamsimulia nani? Mtu aliyekuwa akienda harusini, ndugu wa karibu wa bwana harusi, ambaye hakuua ndege wala hakumsifu muuaji, na bado aliikosa karamu. Kama unamtafuta asiye na hatia katika shairi lile, mwanangu, ningeanzia kwa huyo.

Baba yako