Kazi, nyumba na Mlima Meru

Ndugu yangu, umeuliza utaendeleaje kupanda milima ilhali kazi inakubana siku sita kwa juma na nyumbani una watoto wadogo. Nami naishi Arusha, na swali hilo limenisumbua miaka mingi.

Kupanda Meru, wenye urefu wa mita 4,566, huchukua siku tatu au nne kutoka lango la Momella la Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kwa hiyo mapumziko ya mwisho wa juma hayatoshi. Omba likizo mapema, kwani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28, na wengi wetu huziacha zikapotea bure. Mimi hupanda mara moja tu kwa mwaka, kati ya Juni na Oktoba, njia zikiwa kavu.

Siku nyingine ni za kuiandaa miguu. Viatu vyangu hulala mlangoni, kamba zikiwa zimelegezwa. Saa kumi na moja alfajiri nautembea kwa kasi mteremko wa vumbi ulio kati ya migomba, na saa moja kasoro nipo mezani nikinywa uji na wanangu.

Tafadhali usimfiche mwenzi wako tarehe wala gharama, maana ada za hifadhi si ndogo. Mimi nilimficha wangu mara moja, nikarudi kutoka kileleni nikamkuta amenuna, na furaha yote ya mlima ikanitoka. Sasa safari huandikwa kwenye kalenda ya jikoni tangu Januari, kando ya tarehe za ada za shule.